Tulivyokula Kuku wa Posa

Tangu nirudi Dodoma, kila ninayekutana naye baada ya ibada ananiuliza safari ilikuwaje, na anauliza huku ameshaanza kuondoka. Nimechoka kujibu "nzuri tu". Tena wengi wenu mmesoma taarifa ya Mzee Lazaro kwenye ubao wa matangazo, ile inayosema kwamba tulifika, tukazungumza na wazazi, nao wakatuelewa. Sina ugomvi na Mzee Lazaro. Ila nilikuwepo, na aliyetuelewa siku ile alikuwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo kaeni niwasimulie, na mkifika mwisho mtajua kwa nini kuna mzee wa Kisukuma anayenipigia simu kila Jumapili na kuniita mkwe.

Tulikuwa wanne. Mzee Lazaro, mwenyekiti wa kamati ya elimu ya wasichana, ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara. Bwana Aksel, seremala mstaafu kutoka Norwei, aliwakilisha kanisa rafiki la kwao lililochangia magodoro na matranka. Side alikuwa dereva. Mimi nilichukuliwa kwa sababu kamati iliona aibu kwenda kuzungumzia wasichana bila mwanamke hata mmoja ndani ya gari.

Dodoma hadi Shinyanga

Kazi yetu ilikuwa kupeleka mzigo kwenye shule moja ya bweni ya wasichana mkoani Geita. Njiani tulitakiwa kupita nyumbani kwa Nkwimba, karibu na Bugarama. Huyu ni yule binti tuliyekuwa tukimsaidia tangu kidato cha kwanza, anayetuandikia barua yenye mwandiko mzuri kuliko wa katibu wetu. Alikuwa amefaulu na kupangiwa kidato cha tano katika shule hiyo hiyo ya Geita. Mwisho wa kuripoti ulikuwa Jumatatu. Sisi tuliondoka Ijumaa alfajiri, tukiwa na siku za kutosha na maombi ya kutosha.

Tulikuwa pia na sheria. Kabla gari halijawashwa, Mzee Lazaro alisimama mbele ya taa zake akatangaza kwamba safari hii hatuli kwa watu. Safari iliyopita, alisema, familia moja ilichinja mbuzi kwa ajili ya wageni wakati watoto wa nyumba hiyo hawana sare. Aliongeza kwamba daktari wa Bwana Aksel amemwonya kuhusu tumbo. Nilikubaliana naye kabisa, maana nilikuwa nimetoka kunywa chai na maandazi matatu.

Sheria ile ilianza kuniuma Singida. Mnajua kuku wa Singida wanavyonukia pale stendi. Bwana Aksel alibandika uso kwenye kioo kama mtoto. Mzee Lazaro akatugawia biskuti mbili mbili na kutukumbusha kwamba Bwana wetu alifunga siku arobaini. Side akasema, "Lakini yeye hakuwa anaendesha." Tulipofika Igunga karanga zote za safari zilikuwa zimeisha, na mtu pekee aliyekaa karibu na mfuko alikuwa Side.

Shinyanga: Michembe ya Mama Shija

Mwenyeji wetu Shinyanga mjini alikuwa Mama Shija, mwanamke mkarimu ambaye alikuwa ameanza kupika tangu mchana. Tuliingia jua linazama, tukakuta wali, maharage ya nazi, samaki, na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa na karanga. Mate yalinijaa.

"Tumeshiba, mama," akasema Mzee Lazaro.

Mama Shija alitutazama mmoja mmoja. "Mmeshibia wapi? Si mmetoka Dodoma?"

"Tumeshiba kabisa. Bwana akubariki."

"Kama mnaogopa sufuria zangu, semeni," akasema. Hakutania. Kwetu sote hapa nchini mgeni akikataa chakula amekwambia jambo, na Mama Shija alilisikia jambo hilo vizuri. Nilitaka kumwambia kwamba sisi si wabaya, ni kamati tu. Asubuhi aliagana nasi akiwa dirishani.

Usiku huo huo, kabla hatujalala na njaa zetu, Mwalimu Kabula alinipigia simu. Huyu ndiye aliyemfundisha Nkwimba sekondari, na ndiye aliyetutambulisha kwake.

"Mama Neema, kesho mchana kuna watu wanakuja kwa Masanja kumposa binti yake Nkwimba. Kijana anasema anafanya kazi na wazungu wa mgodini. Fikeni asubuhi mumkute baba yake kabla hajawapokea wageni. Akishawapokea, wakala kwake, amekwisha kumtoa."

"Nkwimba mwenyewe anasemaje?"

"Nani amemuuliza?"

Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na kila mwaka nimeona dawati likibaki wazi na darasa likijifanya halioni. Usiku ule nilikosa usingizi, na si kwa sababu ya njaa peke yake.

Isaka

Tulitakiwa kuondoka saa kumi na mbili. Tuliondoka saa mbili, kwa sababu Mzee Lazaro aliomba, kisha akaomba picha, kisha akaona bango la kanisa ubavuni mwa gari limejaa vumbi na lazima lifutwe kwanza. Lilirudi kwenye vumbi lake kabla hatujafika Tinde.

Isaka kuna bandari ya nchi kavu, maana yake ni kwamba malori yote ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanakutana pale kusalimiana. Siku ile lori moja lilikuwa limevunjika ekseli na kulala katikati ya barabara na kontena lake. Foleni ilienda pande zote mbili mpaka macho yalipoishia. Saa tatu na nusu ikawa saa nne, ikawa saa tano. Nilikuwa natazama saa na kumhesabia Masanja hatua: sasa anafagia uwanja, sasa anakamata kuku.

"Haraka haraka haina baraka," akasema Mzee Lazaro.

"Na polepole je?" nikamuuliza.

Madereva wa malori hawana wasiwasi na foleni. Waliteremsha majiko, wakapika pembeni ya matairi, na mmoja wao, Mrundi mwenye kicheko kikubwa, akatuita. "Karibuni, wazee! Mama, karibu! Wali na maharage, upo mwingi."

"Tumeshiba," akasema Mzee Lazaro, na tumbo la Bwana Aksel likanguruma kiasi kwamba Mrundi yule alimtazama kwa huruma.

Aliyekubali mwaliko ni mzee mmoja mwenye kofia ya pama, aliyekuwa kwenye gari dogo jeupe nyuma yetu pamoja na wenzake wawili waliovaa suti. Alikula, akanawa, akaja kuzungumza na Mzee Lazaro chini ya kivuli cha kontena. Wakaelewana mara moja, kwa sababu wote wawili wanapenda kusema na hawapendi kusikiliza. Yule mzee alisema anakwenda kwenye shughuli ya kifamilia. Mzee Lazaro akamwambia sisi tunakwenda kwenye kazi ya Mungu. Wakatakiana heri.

Barabara ilifunguliwa saa saba.

Bugarama, na njia tuliyoambiwa

Tuliingia Bugarama saa tisa alasiri. Mwalimu Kabula alikuwa ametusubiri tangu asubuhi, mpaka akaitwa msibani kwao. Alinielekeza kwa simu: tufuate barabara kubwa, tupinde kushoto penye krasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Maelekezo mazuri sana, ila Bugarama kuna krasha kila unapogeuza shingo. Tulipinda kwenye la kwanza. Tukaishia kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, ambako vijana wenye vumbi mpaka kwenye kope walimwona Bwana Aksel wakafurahi.

"Mzungu, mzigo upo!" mmoja akamwonyesha jiwe kwenye kiganja. "Hili lina macho kabisa, dhahabu inaonekana. Tazama mwenyewe."

Bwana Aksel alidhani anapewa zawadi, akaliweka mfukoni na kushukuru. Ilituchukua nusu saa kulirudisha na kuomba radhi. Hapo mchimbaji mmoja mwenye huruma akatuonyesha njia ya nyuma, inayopita kwenye mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa na kutokea moja kwa moja mjini kwa Masanja. Wasukuma boma la mtu huliita mji, na kwa hakika ulikuwa mji: nyumba ya bati, mbili za nyasi, zizi kubwa lenye ng'ombe wawili tu.

Tukiwa bado hatujazima gari, nikasikia vigelegele.

Nikajua tumechelewa. Wamekuja, wameposa, wameondoka, na sasa nyumba inasherehekea.

Kwa Masanja

Wanawake walitokea jikoni wakipiga vigelegele zaidi. Bibi yake Nkwimba, mwembamba, mwenye kanga mpya, alikuja kutushika mikono yote miwili. "Mwadila, mwadila," akatusalimu kwa Kisukuma, na mimi nikampa shikamoo yangu. Kiswahili chake kiliishia kwenye "karibu". Alipomwona Bwana Aksel akainua mikono juu kushukuru mbingu. Viti vilikuwa vimepangwa tayari uani, na juu ya meza kulikuwa na kitambaa cheupe. Mzee Lazaro alinong'ona, "Unaona kanisa letu linavyopendwa?"

Kisha akaja Nkwimba. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomfikiria kwa barua zake, gauni limepigwa pasi, nywele zimesukwa upya kwa ajili ya watu wengine. Alipiga goti kutusalimia. Nikamwona akitupa jicho kwenye ubavu wa gari, kwenye lile bango letu lenye vumbi, halafu akanitazama mimi.

"Baba yuko wapi, mwanangu?"

"Amekwenda barabarani, Mama."

Nikajua anawasindikiza wale waliokuja. "Wageni wenu wamekwisha kuondoka?"

"Karibu maji ya kunawa, Mama," akasema.

Mzee Lazaro hakuweza kuona viti na watu bila kuhutubia. Alisimama. Alizungumza juu ya elimu kuwa ufunguo wa maisha, juu ya mtoto wa kike na taifa, juu ya urafiki wa makanisa yetu mawili, na akafika mpaka kwenye mabadiliko ya tabianchi. Nkwimba alisimama kando yake kumtafsiria bibi. Baada ya dakika ishirini, Mzee Lazaro alipofuta jasho, binti yule alisema sentensi moja ya Kisukuma. Bibi alipiga makofi, akashika kifua kwa huruma, na akawafokea wanawake wa jikoni. Nilistaajabu lugha ya Kisukuma inavyoweza kufupisha mambo.

Chakula kikaja mbio. Kuku wa kienyeji aliyekaangwa kwa vitunguu, wali wa Kahama, ugali, mlenda, maziwa mgando. Mzee Lazaro alifungua kinywa. Nilijua neno linalokuja. Lakini Nkwimba alikuwa ameshapiga goti mbele ya Bwana Aksel na birika, amemnawisha, na pamoja na kipande cha ugali amemwekea mkononi kitu kidogo cheusi. Bwana Aksel, ambaye kwa siku mbili alikuwa ameishi kwa biskuti, alikitia kinywani, akafumba macho, akatafuna.

Ilikuwa firigisi.

"Tumeshi..." akasema Mzee Lazaro.

"Njaa haina baunsa, mzee," akasema Side, na kuvuta paja.

Basi tukala. Nataka niseme ukweli wangu hapa. Nilidhani nakula mabaki ya posa ya binti niliyekuja kumsaidia. Nilikula kwa huzuni kubwa, lakini nilikula, na niliongezewa mara mbili. Hata Mzee Lazaro alikula. Tulimmaliza yule kuku mpaka mifupa ikabaki myeupe.

Ndipo gari dogo jeupe, tairi moja limebadilishwa kwa pancha, likaingia uani kwa njia ya mbele. Akateremka mtu mnene wa makamo, Masanja mwenyewe, akiwa na furaha ya mwenyeji aliyesubiri njiani tangu adhuhuri. Nyuma yake wakateremka wanaume wawili wa suti, na mzee mwenye kofia ya pama. Mikononi walishika vitenge na mfuko wa sukari.

Vigelegele vilianza jikoni vikafia njiani.

Mzee wa kofia alitazama meza. Alimtambua Mzee Lazaro, akamsalimia kwa kichwa. "Kumbe kazi ya Mungu ilikuwa hapa hapa." Kisha akamgeukia mwenyeji. "Masanja. Sisi tumekuta watu wamekaa."

"Mimi siwajui hawa!" akasema Masanja.

"Huwajui na wamekula? Nionyeshe basi firigisi ya kuku huyu."

Mnajua wenyewe firigisi ni ya nani. Anayewekewa firigisi katika shughuli kama ile ndiye mwenye kiti. Macho yote yakahamia kwa Bwana Aksel. Naye akaona anaulizwa jambo, akainua mkono na kutumia Kiswahili chake chote. "Tamu sana. Asante."

Mzee wa kofia alivua kofia yake, akaivaa tena. "Sisi hatugombani na watu. Kama nyumba yako imepata wakwe wengine, ungetuambia kwa simu tusipoteze mafuta." Wakarudisha vitenge garini. Masanja aliwafuata akiapa kwa jina la marehemu baba yake. Gari likageuka, likaenda.

Aliporudi sikuona hasira niliyoitarajia. Nilimwona mtu aliyechoka. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa cha mshenga.

"Ninyi ni nani?"

Mkuu wa msafara, ambaye Isaka aliwahutubia mpaka madereva, alikuwa anatazama viatu vyake. Ikabidi niseme mimi. Nikamwambia sisi ni watu wa kanisa, ndio tuliokuwa tunamwandikia Nkwimba barua, tumekuja kumwomba amwache aende shule Jumatatu. Nikamwomba radhi kwa kuku.

"Mnadhani mimi sitaki mtoto wangu asome?" Alionyesha zizi kwa kidevu. "Ukame umechukua ng'ombe wote pale, wamebaki wale wawili. Nina wengine wanne nyuma yake. Watu kama ninyi wamekuja hapa mara tatu. Wanapiga picha, wanalia kidogo, wanaondoka. Hawanywi hata maji yangu. Mkwe anakuja, anakula, na nikifiwa anarudi. Sasa niambie, mama, nani kati yenu alikuwa ananifaa?"

Niliona aibu. Kamera ya kamati ilikuwa shingoni mwangu tangu Dodoma. Nikaivua nikaiweka mezani katikati ya mifupa.

Bibi ndiye aliyecheka kwanza. Nkwimba alikuwa amemweleza mambo yote pembeni, na kikongwe yule alikuwa anacheka mpaka anafuta macho kwa ncha ya kanga. Akamwambia mwanawe maneno kwa Kisukuma, tena kwa ukali. Nikamuuliza Nkwimba amesema nini.

"Anasema chakula kimeshaliwa. Waliokula ndio wakwe, na kama wanataka bibi arusi wao asome, hiyo ni juu yao."

Masanja aliisogeza kamera mbali na mifupa. "Kijiji kitaniuliza," akasema. "Nitajibu kwamba waliokula wamemchukua. Lakini sikilizeni. Mkwe hapotei. Likizo mtamleta wenyewe. Nikiugua mtakuja. Nikiwapigia, mtapokea."

"Tutapokea," nikasema, na nilisema kwa niaba ya kamati bila kikao.

Geita

Tulilala Bugarama, Nkwimba akiwa nami chumba kimoja kwenye nyumba ya Mwalimu Kabula. Jumapili tukapumzika na kusali. Jumatatu tukashuka Geita tukiwa watano. Bwana Aksel alitaka kujua njia nzima ni kiungo gani cha kuku kile alichokula, na hakuna aliyekuwa na Kizungu cha kutosha kumweleza. Nyuma, kati ya magodoro, Mzee Lazaro alikuwa anaandika taarifa yake. Nilimsikia akitafuta neno baada ya "wazazi waliguswa na".

Shuleni tulikabidhi mzigo. Hotuba ilikuwa fupi, namshukuru Mungu. Nkwimba akapewa tranka, ndoo na godoro, akaandikwa jina kwenye daftari la mapokezi na mwalimu wa zamu. Nilimsaidia kubeba mpaka mlango wa bweni. Pale ndipo nilipomuuliza swali lililonikaa kooni siku mbili.

"Mwanangu, ulijua sisi ni nani?"

"Nilisoma bango la gari, Mama. Na Mwalimu Kabula alikuwa ameniambia mtakuja."

"Na bibi alijua?"

"Bibi alisikia yule kijana anafanya kazi na wazungu. Akaona mzungu. Mimi sikusema kitu."

"Na ile hotuba ya Mzee Lazaro? Dakika ishirini zile ulimtafsiria bibi vipi?"

Akainamisha kichwa, lakini nikaona meno. "Nilimwambia, wageni hawa wametembea siku mbili hawajala. Sikumdanganya, Mama, dereva wenu alikuwa ameniambia."

Nilikaa juu ya tranka lake. Tulitoka Dodoma na gari zima la misaada, bango, mwenyekiti na mgeni wa nje, kwenda kumwokoa mtu. Na mtu huyo alikuwa amesimama jikoni kwao tangu asubuhi na mwiko mkononi, akisubiri tu tufike tukae.

"Hukuogopa?" nikamuuliza.

"Kitu kimoja tu, Mama." Alivuta godoro begani. "Niliogopa mtasema mmeshiba."